Ilinikosha Dar, ikaboa Nyegezi

SWALI: Shikamoo fundi. Nilikwenda Dar kwa semina ya wiki mbili, wenzangu wakanipeleka ukumbini kuangalia Sinners, ile muvi ya mumiani ya Kimarekani. Nilitoka nimetetemeka, usiku sikulala vizuri. Nikarudi Mwanza naisifia kwa kila mtu. Majuzi nikaipata, nikawakusanya nyumbani Nyegezi Jumapili baada ya chakula cha mchana. TV inchi 43, sabufa, kila kitu. Ile mistari myeusi ilikuwa inakula TV, kaka akaikuza picha ikajaa. Haikupita saa moja baba akauliza, "Hawa wanapigana lini?" Mama alishalala. Maneno hayasikiki, bunduki zikilia jirani anagonga ukuta. Mbaya zaidi, mimi mwenyewe nikaanza kuona ni giza tupu na watu wanatembea. Kaka anasema muvi ni ya kawaida sana, mimi nilidanganywa na kiyoyozi na bisi. Sasa niamini maoni yangu ya Dar au ya nyumbani? Muvi nzuri si nzuri popote?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kaka yako ana hoja, ila ameshika kisu upande wa makali. Ni kweli ukumbi ulikusaidia kuipenda. Lakini kama ukumbi uliisaidia, basi sebule yenu iliihujumu, na hilo yeye hakulisema, labda kwa sababu rimoti ilikuwa mkononi mwake.

Kazi yangu ni sauti za filamu. Naweza kukaa asubuhi nzima nikisikiliza mlango mmoja ukifungwa, mpaka ufungwe kama mwenye nyumba amekasirika. Kabla ya hapo niliendesha deki kwenye kibanda umiza cha Kirumba, benchi za mbao, turubai ukutani, joto la kutosha kuanika dagaa. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili: nimeona watu wakilia kwa picha iliyochakaa kwenye TV ya chogo, na nimeona watu wakisinzia mbele ya skrini ya mamilioni. Nikisema mahali pa kuangalia panabadilisha muvi, simaanishi raha ya kiti. Namaanisha kwamba ulichowaonyesha wazazi wako kilikuwa na waigizaji walewale na hadithi ileile, na vingi vingine vilikuwa vimebaki njiani.

Tuanze na lile giza. Umeandika "Jumapili baada ya chakula cha mchana". Nyegezi naijua. Saa nane mchana jua limeshika ziwa, mwanga unapanda na kuingia dirishani, pazia la maua halizuii kitu. Sasa hadithi ya Sinners sehemu kubwa inatokea usiku mmoja, Mississippi, mwaka 1932, kwa mwanga wa taa na moto. Mpiga picha wake, Autumn Durald Arkapaw, alitumia filamu pana ya milimita 65, na kazi yake kubwa mle ni ngozi nyeusi ndani ya giza: jasho shingoni, jicho linalong'aa kwenye kona, sura unayoiona nusu. Hivyo vyote vinaishi kwenye sehemu ya giza ya picha. Jua likigonga kioo cha TV, vinafutika kabla ya kitu kingine chochote. Mkabaki na giza tupu na watu wanatembea, kama ulivyosema, na ulisema kweli.

Watu wengi hawaamini nikiwaambia kwamba skrini ya ukumbini ina mwanga hafifu kuliko simu yako. Kiwango cha kawaida cha weupe ukumbini ni niti 48, niti ni kipimo cha mwanga wa skrini. Simu ya kisasa inapita niti 500 bila jasho. Ukumbi unashinda kwa sababu ya giza linaloizunguka ile skrini, jicho linafunguka, linaanza kuona vivuli ndani ya vivuli. Mwaka 2019 kulikuwa na ugomvi mkubwa kama wako, safari hiyo ni sehemu moja ya tamthilia ya Game of Thrones yenye vita ya usiku. Watu dunia nzima wakalalamika hawaoni kitu, mpiga picha wake akajibu kwamba wengi hawajui kuweka TV zao sawa. Walimtukana sana. Mimi nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki, maana ukijua watu watakuangalia sebuleni na wewe ukapiga picha kana kwamba wote wana ukumbi, sehemu ya lawama ni yako. Lakini tuendelee.

Jambo la pili ni kuminywa, yaani faili la muvi kupunguzwa uzito. Nakala ya ukumbini inaruhusiwa kufika megabiti 250 kwa sekunde. Sinners ina dakika 137, kwa hiyo ikitumia kiwango hicho chote inapita gigabaiti 250. Ile ya mtandaoni kwa ubora wa HD inakula kama gigabaiti 3 kwa saa, tuseme 7 kwa muvi nzima. Na kama uliwekewa kwenye flashi pale mjini kwa bei ya soda, sikuulizi, lakini mara nyingi hizo ni gigabaiti moja na ushei. Programu inayominya ikitafuta pa kubania, inaanza na giza, kwa sababu inadhani hakuna anayeangalia huko. Ndiyo maana anga la usiku linakuwa na ngazi ngazi kama matuta ya mpunga, na mtu akisogea gizani unaona vijisanduku vinamfuata. Sangara wa kukausha ni sangara, analika na ana ladha yake. Ila usimpime mvuvi kwa huyo.

Na sasa ile rimoti. Mistari myeusi juu na chini haiibi kitu, mdogo wangu. Ndiyo umbo la picha yenyewe. TV yenu ina upana wa 1.78 kwa kimo cha 1. Sehemu kubwa ya Sinners ina upana wa 2.76 kwa 1, upana ambao filamu chache sana zimewahi kuutumia, na vipande vyake vya IMAX, vilivyopigwa kwa ajili ya skrini ndefu kwenda juu, ndivyo vinavyopanda zaidi. Kaka alipoikuza mpaka ikajaa, alikata zaidi ya theluthi moja ya picha, kulia na kushoto. Sasa fikiria: Michael B. Jordan ameigiza pacha wawili, Smoke na Stack, na mara nyingi wanasimama mmoja upande huu na mwingine upande ule, muvi nzima imejengwa juu ya umbali ulio kati yao. Baba yako ameangalia muvi ya mapacha ambayo pacha mmoja amebaki ukutani karibu na kalenda. Hata mimi ningeuliza wanapigana lini.

Kuna kingine hukukitaja lakini nakijua bila kufika kwenu. TV nyingi zinatoka dukani zikiwa kwenye mpangilio wa "Vivid", rangi zinapiga kelele ili zikuvute wewe uliyesimama dukani chini ya taa nyeupe. Humo humo huwa wamewasha kitu cha kulainisha mwendo. Samsung wamekiita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Filamu hupigwa fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde tangu picha zilipoanza kuongea, na jicho letu limeshazoea kwamba mtikisiko ule mdogo ndiyo "sinema". Hicho kitu kinabuni fremu za katikati ambazo hakuna aliyezipiga, kila kitu kinateleza, na muvi iliyogharimu mabilioni inaonekana kama tamthilia ya saa moja usiku. Mwaka 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video fupi kuwaomba watu wakizime. Nilicheka, mtu anayeruka kutoka kwenye ndege akaona hatari ya kuionya dunia ni menyu ya TV. Lakini ana haki.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa dada yangu Kitangiri, nikaingia kwenye menyu nikachagua "Movie" badala ya "Vivid", nikazima ulainishaji. Shemeji akaruka: "Mbona umeifanya njano? Umeiharibu!" Nikamwambia tuangalie dakika kumi halafu nitairudisha. Zile kumi zikapita, hakuna aliyekumbuka. Nilipoirudisha kwenye ile ya zamani, kila mtu akafumba macho, sura za watu zikawa za bluu kama wamefufuliwa. Jicho ni mnafiki, linazoea kila kitu, ila lipe muda lizoee kilicho sahihi.

Tuje kwenye sauti, ambako mimi ndipo ninapolia machozi.

Ukumbini, mazungumzo hayatoki pembeni wala nyuma. Yanatoka kwenye spika iliyosimama nyuma ya skrini, katikati kabisa. Ile skrini ina vitundu vidogo mno, sauti inapita humo, ndiyo maana unaona kama neno linatoka mdomoni mwa mtu. Sisi tunaochanganya sauti tunaiita chaneli ya kati, na humo maneno yanakaa karibu peke yake kama mgeni wa heshima. Muziki tunauweka pembeni, mvua na wadudu nyuma yako, ngurumo chini. Chumba chetu cha kazi kinapimwa, kila spika ya mbele inawekwa kwenye kiwango cha desibeli 85, na juu ya hapo tumeachiwa nafasi ya desibeli 20 kwa ajili ya mlipuko. Yaani bunduki ina ruhusa ya kugonga 105 kutoka spika moja. Kwenye ukumbi mkubwa wenye kuta za kitambaa, hilo ni tukio. Sebuleni Nyegezi, kuta za tofali, sakafu ya vigae, bati juu, hilo ni kesi ya mwenyekiti wa mtaa.

Kwa hiyo mnapunguza. Maongezi ya kawaida ya watu sebuleni ni kama desibeli 60. Mkishusha bunduki ifike mahali jirani anaweza kuvumilia, mnong'ono nao unashuka pamoja nayo, unazama chini ya feni. Ndipo mtu anakaa na rimoti kama dereva wa daladala na gia: panda, shuka, panda, shuka. Uchovu mlioupata ni halali kabisa, ila haukutoka kwenye hadithi.

Ongeza sabufa. Naipenda sabufa, nimekulia nayo, kwenye harusi inafanya kazi yake. Lakini sabufa nyingi zinazouzwa hapa mjini zimetengenezwa kwa ajili ya ngoma: chini kunanguruma, juu kunachoma, katikati hamna mtu. Na katikati ndiko sauti ya binadamu inakokaa. Halafu spika ndogo zimewekwa wapi? Moja juu ya kabati, nyingine nyuma ya kochi, kwa sababu waya ulifika hapo. Nakala ikiwa ya chaneli sita na kifaa kikashindwa kuigawa vizuri katika mbili, mazungumzo yanasikika kama mtu anaongea chumba cha pili. Na Sinners ina watu wa Mississippi ya 1932 wanaoongea lafudhi ambayo hata Mmarekani wa mjini anakaza sikio.

Usinunue kitu. Kwenye menyu ya sauti ya programu unayotumia, ukiona "5.1" (zile chaneli sita) na "Stereo" (mbili), chagua Stereo. Kwenye TV tafuta kinachoitwa "Night Mode" au "Clear Voice", kampuni zinatofautiana majina, kazi yake ni kupandisha mnong'ono na kukandamiza bunduki; muvi inapoteza kishindo kidogo, mama yako anapata kusikia. Kitufe cha besi kishushe nusu. Spika mbili ziweke mbele, usawa wa masikio ya aliyekaa, moja kila upande wa TV. Washa maandishi ya chini, hata ya Kiingereza, hakuna aibu. Na angalia mbingu: wingu likishatanda ziwani kuelekea upande wenu, ahirisha. Mvua ya Mwanza juu ya bati haina mpangilio wa TV unaoishinda.

Hapo nimeongea ufundi, na fundi akiachiwa ataongea mpaka umeme ukatike. Kuna kitu kingine kilichotokea kwenu ambacho hakirekebishwi na rimoti. Dar ulilipa, ukaingia, mlango ukafungwa, ukawa mfungwa wa hiari. Sinners inakutegemea uwe mfungwa. Nusu nzima ya kwanza ni watu wanakusanya watu: huyu anatafutwa apige kinanda, yule apike samaki, dogo na gita lake akamkimbia baba yake mchungaji. Mapigano karibu hakuna. Mwongozaji, Ryan Coogler, anakupikia taratibu, ili ile sehemu ya muziki, ambapo dogo anaimba na ukumbi mzima wa ngoma unaingiliwa na waliokufa zamani na ambao hawajazaliwa, ikukute umeshawapenda wote. Nyumbani hakuna mfungwa. Kuna mtoto ametumwa chumvi, kuna simu ya shangazi wa Sengerema, kuna tumbo lenye ugali na sato wa saa saba. Mama yako amelala kwenye muvi ya mumiani! Mwanamke aliyekulia kwenye kizazi ambacho neno mumiani lilikuwa linawarudisha watoto ndani magharibi. Hilo linakwambia kwamba hakufika hata kwa mumiani mwenyewe.

Na kwa kuwa umeniuliza maoni, yangu ni haya: nimeiangalia mara mbili, ukumbini na kwenye kompyuta na headphone nzuri. Nusu ya kwanza ni muvi ya kukaa nayo miaka. Mapigano ya mwishoni mimi ningeyapunguza. Nilipoyaona mara ya pili nilikwenda kuchemsha chai na sikusimamisha. Umeona? Hata mimi ukumbini nisingepata hiyo chai, na pengine ningesema mapigano ni mazuri.

Anayesema muvi nzuri ni nzuri popote, nadhani anakumbuka vibanda. Ana sababu. Pale Kirumba nimewahi kuonyesha picha la Kichina kwenye kanda iliyodurufiwa mpaka steringi amekuwa kivuli cha kijani, na watu hamsini wakasimama kwenye benchi. Lakini tukumbuke nani alikuwa anafanya kazi. Tulikuwa na mtafsiri. Bara yote ilimjua Lufufu, Kenya wana DJ Afro, ng'ambo ya ziwa Kampala wana VJ Jingo na wenzake, na kila mji ulikuwa na wa kwake asiyejulikana nje ya mtaa. Wa kwetu alikuwa na maikrofoni iliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Kiingereza chake kilikuwa cha mashaka na Kichina hakujua hata neno, lakini mzee wa hekaluni akitoka tu, alishamtangaza kuwa mganga kutoka Sengerema aliyekuja kudai deni la ng'ombe. Mahali picha inapopoa, yeye anapasha. Mahali steringi ananyamaza dakika mbili akitazama mlima, yeye anatuambia anachowaza, na mara nyingi alikuwa anawaza kuhusu mke wa mtu. Miaka mingi baadaye nililiona picha lile lenyewe, safi, lugha yake, maandishi ya chini. Linaboa! Nikagundua sikuwahi kulipenda lile picha, nilimpenda yule mtafsiri. Ukiangalia muvi iliyotafsiriwa, ifurahie, ila ukija kutoa hukumu jua umeangalia kazi ya watu wawili.

Zipo pia zilizozaliwa sebuleni. Bongo Muvi za enzi za Steven Kanumba zilitengenezwa kwa ajili ya kanda na diski, kwa ajili ya TV ya chogo yenye kitambaa cha kudarizi juu yake: sura kubwa, karibu, watu wanaongea wazi, chozi unaliona ukiwa jikoni. Watu wakizicheka kwamba hazina upana wa sinema ni kama kumcheka mtumbwi kwamba si meli. Upande mwingine weka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Hiyo nayo nimeiona kubwa na nimeiona ndogo. Kubwa, zile kuta za Unguja na wekundu na bluu zake zilinishika koo. Ndogo, mchana, nilijikuta naangalia saa. Sikuandika popote kwamba ni muvi mbovu. Niliandika kwenye daftari langu: "rudia usiku".

Hilo daftari lina safu moja ambayo wenzangu wananicheka: "wapi, saa ngapi, na nani". Kabla ya nyota, kabla ya sifa. Naangalia nyuma nakuta muvi tatu nilizozidharau mwaka mmoja, zote niliziangalia kwenye basi la kwenda Dodoma. Sasa nani alaumiwe?

Na yapo maoni mabaya kuliko ya kaka yako, ambayo ni ya mtu asiyeangalia kabisa. Sisi watu wa Mwanza tuna uzoefu nayo. Mwaka 2004 ilitoka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyopigwa hapahapa kwetu, kuhusu sangara, viwanda vya minofu na ndege za mizigo. Hapa tukaiita Filamu ya Mapanki, yaani vile vichwa na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Mwaka 2006 iligombea Oscar, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaishutumu hadharani kwa kutuchafua, watu wakaandamana mjini. Nilikuwa Makoroboi siku zile. Kila kinyozi alikuwa na maoni makali juu ya muvi ile, na nilipouliza nani ameiona, walioinua mkono hawakufika vidole vya mkono mmoja. Wengine waliiona baadaye wakabaki na hasira zao, na wanazo sababu: mapanki yanaliwa na watu wanaoyanunua kwa hiari na kuyakaanga vizuri, na kamera inaweza kukifanya chakula cha mtu kionekane aibu. Wengine waliiona wakasema, mbona haya mengi ni kweli. Mimi niko katikati, naona ina jicho kali na ulimi unaopita kiasi. Ila angalau nilikaa nikaiangalia mpaka mwisho, usiku, pazia limefungwa.

Kwa hiyo maoni ya Dar niachie nisimame nayo, kwa sababu ndiyo siku uliyoiona Sinners nzima, kulia na kushoto. Yale ya Nyegezi usiyatupe, yaandike kwa jina lake: "nilichoonyesha wazazi". Baba akiuliza tena wanapigana lini, usimwambie hajui sinema. Muulize ni muvi gani ilimfanya achelewe kulala mara ya mwisho. Nakuhakikishia atakutajia moja, na atakusimulia mpaka mavazi, na huenda ikawa ya Kihindi, na huenda akakwambia na jina la jumba la sinema alipoiona na aliyekuwa amekaa naye, akipunguza sauti kidogo mama yako akipita.

Ukitaka kuwarudia, usiwape muvi yote. Chagua siku ya kazi, saa tatu kasoro usiku, watoto wamelala, taa moja tu nyuma ya TV. Picha kwenye "Movie", ulainishaji umezimwa, sauti kwenye Stereo, besi nusu. Anzia kwa dogo na gita lake mpaka mwisho wa ile sehemu ya muziki, simama hapo kabla mumiani hawajaanza kazi yao. Mwite mama peke yake kwanza, kama anaimba kwaya atakisikia kitu pale ambacho wewe na mimi hatukukisikia. Na rimoti mpe kaka aishike kama anapenda, ila mwambie kabla hajakaa ahesabu mapacha: wawe wawili, wote ndani ya TV.